Hapo Umeruka

Kigoda kilifika na basi la asubuhi kutoka Lushoto, kikiwa ndani ya kiroba cha mbolea kilichofungwa kwa kamba ya katani. Kijana wa mizigo pale stendi aliniuliza kama nimetumiwa mzinga wa nyuki. Nilikibeba mpaka nyumbani, nikakata kamba sebuleni, na harufu ikatoka kabla ya chenyewe: harufu ya mkulo, ule mti wa misitu ya kwetu unaonukia kafuri, na hauachi kunukia hata ukichongwa na kukaliwa na vizazi viwili. Miguu mitatu, kikalio kimelika katikati. Mimi ni mtu mzima, nina kazi na watu ninaowasimamia, lakini nilijikuta nimesimama mbele ya kile kigoda nikitaka kukiamkia.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Vijana wanaoanza hunijia na maswali yale yale: nianze na lugha ipi, nijifunzie wapi, ninunue kompyuta ya namna gani. Nawajibu kwa moyo mweupe. Chagua lugha moja ukae nayo mwaka mzima, usiwe mtu wa kuonja kila sufuria. Mifano ya kwenye somo iandike kwa vidole vyako mwenyewe, maana ukinakili ni macho tu yanayopita. Kosa likijitokeza lisome mpaka mwisho kabla hujakimbilia kuuliza. Mara nyingi jibu limeandikwa humo humo. Hifadhi kazi ya jana hata kama ya leo inakupendeza zaidi. Na ukikwama, mweleze mtu tatizo lako kwa sauti, hatua kwa hatua, hata kama mtu mwenyewe hayupo. Hapo hucheka. Nami nacheka nao, kisha nahamisha mazungumzo, kwa sababu sijawahi kumwambia yeyote huo ushauri wa mwisho niliupatia wapi.

Niliupatia juu ya magunia ya viazi, kijijini Mgwashi, milimani Lushoto, nyumbani kwa Babu, nikiwa darasa la tatu.

Wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Korogwe, huko chini kwenye joto. Bibi mzaa baba alifariki mwezi wa nne, katikati ya masika, na mwezi wa sita nikapandishwa mlimani kukaa na Babu ili, kwa maneno ya baba yangu, nyumba isipoe. Bibi mwenyewe nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, nikiwa wa kubebwa mgongoni, nilipopelekwa huko kubatizwa. Lakini jina lake ndilo langu. Kwetu jina halitupwi. Yeye alikuwa Damari binti Yona. Alipozaa mtoto wa kiume akampa jina la baba yake, Yona, na huyo Yona ndiye baba yangu. Naye aliponipata mimi akanipa jina la mama yake. Kwa hiyo Damari Yona tulikuwa wawili, mmoja kaburini nyuma ya migomba na mwingine darasa la tatu.

Watu wa Mgwashi walinipokea kwa namna iliyonichanganya. Kina mama waliokuja kuniona walinishika mashavu kwa mikono ya baridi na kuambiana, "Damari amerudi." Babu aliniita mke wangu, ndivyo mababu wanavyowatania wajukuu wao. Na Baba mdogo Elia, mdogo wake baba, aliniita mama, tena bila kutabasamu. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba haraka haraka kwa aibu, kisha akauliza, "Umelala salama, mama?" Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyeniuliza nimelalaje.

Baba mdogo alikuwa amesomea kompyuta Dar es Salaam. Alirudi kumuuguza Bibi, na alipomzika hakuondoka tena. Usharika ulikuwa umempa kazi ya kuvihamisha vitabu vyote vya kanisa, ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko, kutoka kwenye makaratasi yaliyokuwa yakiliwa na unyevu, na kuviweka ndani ya programu atakayoiandika mwenyewe. Alifanyia kazi chumbani kwa Bibi kwa sababu waya wa sola uliishia humo. Betri ilishiba asubuhi. Baada ya chakula cha mchana alifungua kompyuta, na ilipofika saa tisa au kumi ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukameza mikaratusi, ukameza choo, ukaja kusimama dirishani.

Kati ya chumba hicho na stoo ya viazi palikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilipenda kujilaza juu ya magunia kwa kuwa stoo ilikuwa na joto kidogo. Siku moja nikiwa pale nilimsikia Baba mdogo akigonga mlango wa chumba ambacho nilijua hakina mtu. Akangoja. Kisha akasema, "Onga mshi," ile salamu yetu ya mchana, kwa sauti anayoitumia mtu kwa mkubwa wake, akaingia.

"Nimekuja na ile ya jana," alisema. "Nikueleze. Kwanza naisoma orodha ya waliobatizwa, mmoja mmoja. Halafu nachukua orodha ya maziko. Nikikuta jina liko huku na huku, namwandika marehemu. Halafu huyo huyo nakuja kumkuta yuko darasa la kipaimara mwaka huu. Sasa maiti anasomaje kipaimara?"

Akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia matone ya ukungu yakidondoka kutoka kwenye bati. Kisha akasema taratibu, "Kweli. Nimeruka." Vidole vikaanza kugonga kompyuta, na baada ya muda akaongeza, "Hongea, mama." Kwa Kishambaa ndivyo tunavyoshukuru.

Niliganda pale juu ya viazi. Mama yake alikuwa chini ya udongo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepalilia maua ya kaburi lake Jumamosi iliyopita. Kesho yake nikarudi stoo, na keshokutwa, na kila siku ilikuwa vile vile: mlango unagongwa, salamu inatolewa, maelezo yanaanza, kimya, halafu anamkubalia mtu jambo. Nikatafuta ufa kwenye mbao, nikachungulia. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na mbele yake, kimeelekezwa kwake, kigoda cha Bibi kikiwa kitupu.

Kuna siku aliinuka katikati ya kazi akaenda kumhamisha ng'ombe, mvua isimkute. Nikaingia. Sikuthubutu kupita mbele ya kigoda, nilizunguka kwa kujibana ukutani. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na majina, mstari chini ya mstari, meusi ya walio hai na ya kijivu ya waliokufa. Wakati ule nilikuwa bado nasoma kwa kufuatisha kidole. Nikashuka nacho polepole mpaka nikafika kwa Zefania Daudi, mtoto niliyekaa naye dawati moja, na jina lake lilikuwa la kijivu. Mistari michache chini yake nikajikuta mwenyewe. Damari Yona. Hali: marehemu.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba hatukuwa watoto wa kuuliza. Mambo ya wakubwa yalikuwa ya wakubwa, basi tuliyamalizia wenyewe vichwani mwetu, na tuliyamalizia vibaya. Mimi nilimalizia hivi: nimekufa, na hakuna aliyeniambia. Ushahidi ulikuwa tele. Kina mama walisema Damari amerudi, na anayerudi ni lazima alikuwa ameondoka. Babu ananiita mke wake, na mke wake amezikwa. Asubuhi njiani kwenda shule nilipuliza pumzi nione kama inatoa moshi kwenye baridi. Ilitoa, lakini hata ardhi ilikuwa ikitoa moshi asubuhi ile, nayo haina mapafu. Nilijifinya mkono mpaka ukavimba. Darasani nilimtazama Zefania akila kiazi chake cha kuchemsha, nikajiuliza kama na yeye anajua.

Halafu Zefania akaanza kukohoa. Siku ya tatu hakuja shule. Siku ya tano mwalimu alituambia amelazwa, ni nimonia, tumwombee.

Hapo nikabadili mawazo. Orodha ile haikuwa ya waliokufa, ilikuwa ya wanaoitwa, na Baba mdogo alikuwa akimsomea majina yule anayekaa kwenye kigoda. Kutoka kwa Zefania mpaka kwangu kulikuwa na mistari michache. Niliacha kula. Nilipofumba macho niliona kidole changu mwenyewe kikishuka kwenye kioo.

Nikamwambia Babu. Alikuwa uani akichambua maharage ya mbegu.

"Babu, Baba mdogo anaongea na Bibi."

Hakuinua uso. "Anamwambia nini?"

"Anamsomea majina."

"Ya nani?"

"Langu limo. Na la Zefania."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Babu alikuwa mzee wa kanisa tangu kabla ya mchungaji wetu kwenda chuo. Kuzungumza na marehemu lilikuwa jambo lenye jina, tambiko, na Mkristo aliyekutwa nalo alitengwa: haji kwenye meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu wote. Babu alikuwa ameshiriki kuwatenga watu wa nyumba nyingine, hangeweza kumfichia wa kwake. "Katika nyumba hii," alisema, na hakuwa akisema nami. Usiku ule alikula peke yake. Asubuhi akaniambia mchungaji atakuja Jumapili baada ya ibada, na kwamba ikiwa ni kweli, Elia atachukua vitu vyake na kwenda. Nilikwenda kujificha nyuma ya zizi nikalia. Nilitaka kuokoa jina langu, na nilikuwa nimemuuza mtu pekee aliyeniuliza nimelalaje.

Jumapili ukungu uliwahi. Mlango wa chumba cha Bibi uliachwa wazi, lakini uani hakukuonekana kitu. Mchungaji alipewa kiti kimoja, Babu kingine, kila mmoja na kikombe chake cha chai, Baba mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda na kompyuta mapajani. Mimi nilisimama mlangoni. Kigoda kilibaki katikati na hakuna aliyekigusa.

"Elia," alisema mchungaji, "unaongea na mama yako?"

"Naongea na kigoda chake, Baba Mchungaji."

"Na kinakujibu?"

Baba mdogo alichelewa kujibu, na kila mtu chumbani aliona kwamba amechelewa.

"Kinanisikiliza," alisema. "Nilipokuwa shule, kila nikirudi mama alikaa hapo akanitaka nimweleze nilichofundishwa. Yeye darasa hakuliona. Lakini nikianza kubabaisha alinikata. Hapo umeruka, alikuwa akisema, na kila mara ilikuwa kweli. Hii kazi, Baba, ikiwa kichwani unaiona nzima. Ukiitamka ndipo unaliona shimo. Nisipoitamka itakuja kuniumbua mbele ya watu. Si mnasema mficha maradhi kifo humuumbua?"

"Ungemweleza mtu, basi."

"Mtu gani hapa, Baba?"

Hakusema kwa ukali. Nilisikia jinsi alivyokuwa mpweke, nikaona aibu iliyonifika mpaka masikioni. Babu alikohoa. "Mweleze huyu mtoto," alisema akinionyesha kwa kidevu. "Ndiye uliyemtia hofu. Akielewa yeye, nami nitakuwa nimeelewa. Asipoelewa, unalijua la kufanya."

"Kaa, mama," Baba mdogo akaniambia, na mahali pa kukaa palikuwa pamebaki pamoja tu, kwenye kigoda.

Nikakaa. Kigoda kilikuwa na uvuguvugu. Naliandika kama ninavyolikumbuka, sina namna nyingine: tangu asubuhi hakuna aliyekikalia, chumba kilikuwa na baridi ya kukunja vidole, na kile kigoda kilikuwa na uvuguvugu wa mahali alipoinuka mtu sasa hivi.

Baba mdogo aligeuza kompyuta nione. "Haya ni majina ya waliobatizwa," alisema. "Programu inachukua jina la mtu na jina la baba yake. Inakwenda nayo kwenye kitabu cha maziko. Ikikuta jina linafanana na jina la baba linafanana, inajua huyu ni yule yule, basi inamwandika—"

"Hapo umeruka," nikasema.

Chai ya Babu ilimwagikia suruali yake ya Jumapili na hakuipangusa. Sauti ilikuwa imetoka kinywani mwangu, lakini ilikuwa imetulia kuliko mimi nilivyokuwa nimetulia. Ikaendelea. "Bibi ni Damari wa Yona, na mimi ni Damari wa Yona. Baba zetu majina yao yanafanana. Mama zetu hawafanani. Mbona mama hukumuuliza?"

Mchungaji alinitazama mimi, kisha akamtazama Babu. Baba mdogo aliangalia kioo kwa muda mrefu, midomo yake ikisogea bila sauti, akizipita hatua zake moja baada ya nyingine.

"Kweli, mama," alisema. "Nimeruka."

Mchungaji hakumtenga mtu. Aliomba sala ndefu, akasema kazi iendelee na kwamba kuanzia sasa Elia awaeleze wanaopumua, kisha akatokomea kwenye ukungu bila kusubiri chakula. Wiki ile ile Baba mdogo akaongeza mahali pa jina la mama. Wa kwanza kurekebishwa nilikuwa mimi, na alinipa niandike mwenyewe. Niliandika jina la mama yangu kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, na mstari wangu ukatoka kwenye kijivu ukawa mweusi. Nilicheka mpaka nikalia. Wa pili tulimtoa Zefania, ambaye naye alikuwa amerithi jina la babu yake marehemu, na baada ya siku kadhaa yeye mwenyewe akarudi shuleni, amekonda, ndani ya sweta la kaka yake.

Tangu hapo mimi ndiye niliyeelezwa. Kila mchana nilikaa kwenye kigoda, na baadaye nikapewa kompyuta, yeye akakaa pale mimi nikieleza. Yote ninayowaambia vijana leo ni yake: lugha moja, vidole vyako mwenyewe, soma kosa mpaka mwisho, tunza ya jana. Alikuwa akinifundisha huku anamenya plamu kwa kisu, na kompyuta ile ilinata mpaka herufi ya M ikagoma.

Nimeizoea kazi ya kutafuta chanzo cha kila jambo, na hili nalo nimelitafutia. Maneno yale Baba mdogo alikuwa ameyatamka dakika chache kabla, na jibu lake nililisikia kupitia mbao siku nyingi, mtoto huokota. Uvuguvugu wa kigoda huenda ulikuwa hofu yangu tu, au jua la asubuhi lililopitia dirishani. Anayenishinda ni Babu. Tangu Jumapili ile mpaka anafariki hakuniita tena mke wangu. Alinisalimia yeye kwanza, akiangalia pembeni, na nikiingia chumbani alipo peke yake alitafuta sababu ya kutoka.

Baba mdogo alifariki mwezi uliopita. Alikuwa akiumwa muda mrefu, daktari alituambia hivyo baadaye, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Yeye aliyenifundisha kulisema kila tatizo kwa sauti, la kwake hakunieleza. Kama alikieleza kigoda, sijui. Jambo hilo linaniuma na nimemkasirikia, na sina wa kumwambia nimekasirika. Tulimzika nyuma ya migomba, kando ya mama yake, nikarudi kazini. Kigoda alikuwa amesema nitumiwe mimi.

Mchana wa siku kilipofika, simu yangu ililia. Alikuwa Zefania, ambaye siku hizi ni karani wa usharika.

"Pole na yote, Damari," alisema. "Nina jambo dogo. Taarifa ya maziko ya baba yako mdogo haitaki kukamilika. Programu inadai jina la mama."

"Si unalijua?"

"Nalijua. Nimejaribu mara mbili. Nashindwa kuliandika mimi. Ni jina lako, na wewe uko hai."

Nikamwambia aache, nitaandika kutoka huku. Nilifungua kompyuta, nikakielekeza kigoda kwangu. Nilisema, "Onga mshi," na sikuona aibu. Mstari wa Elia ulikuwa bado mweusi. Nikaanza kueleza kwa sauti, taratibu, nisiruke kitu.

"Alizaliwa Mgwashi, sawa. Alibatizwa, sawa. Alipata kipaimara. Alikwenda Dar es Salaam, akarudi kumuuguza mama yake. Aliandika programu moja, ikakosea, akaisahihisha. Alimfundisha mtoto wa kaka yake kazi. Aliumwa, hakusema. Tulimzika Alhamisi."

Nikanyamaza nikangoja. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani mchana ule kuambiwa kwamba kuna mahali nimeruka, nirudi nyuma, nianze upya. Harufu ya kafuri ilijaa sebuleni. Nilingoja mpaka kioo kikazima chenyewe, nikakiwasha tena. Kisha penye jina la mama nikaandika langu, kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, na mstari wake ukageuka kijivu.